Bonde la Ufa: Lilibanwa au Lilivutwa?

Wewe usomaye habari hizi katika darasa la Thika au Ruiru, yamkini ukuta ulio kando yako umejengwa kwa mawe yaliyochimbwa karibu na hapo. Mawe hayo, na miamba ambayo maji ya Mto Chania huporomoka juu yake, ni kazi ya volkeno zilizowaka zama Bonde la Ufa lilipokuwa likifanyika. Ni nini basi kilichopasua nchi yetu?

Mwaka 1893 Mwingereza J. W. Gregory alisafiri kutoka Mombasa hata Baringo. Alipokwisha kuzichunguza kuta za bonde, alisema kuwa halikuchimbwa na mito, bali nchi ilivutika, na kipande chake kikadidimia katikati ya nyufa. E. J. Wayland, mpimaji wa miamba wa Uganda, alipinga, akidai kuwa nchi ilibanwa pande mbili, na kingo zilizopanda zikalikandamiza bonde. Mwaka 1936 Edward Bullard, aliyepima nguvu ya uvutano wa ardhi katika Afrika Mashariki, alimwunga mkono Wayland.

Hata hivyo, ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilipiga Subukia, na nchi ikapasuka kwa zaidi ya kilomita 30, upande wa bonde ukashuka. Tafakari: nchi inayobanwa hupandiana, inayovutwa ndiyo ishukayo.

Lakini ushahidi wa juu hautoshi. Ilitakikana kuona chini. Njia ilikuwa imefunguliwa mwaka 1909 na Andrija Mohorovičić wa Kroatia. Alitambua kuwa mitetemo ya ardhi hubadili mwendo ifikapo chini ya ganda la dunia. Basi, kama vile mnunuzi apigavyo chungu kwa kidole ili asikie kama kina ufa, mtaalamu aweza kuipiga ardhi na kuisikiliza.

Katika miaka ya 1985, 1990 na 1994, wataalamu wa Kenya, Ulaya na Marekani walifanya hivyo hasa. Walilipua baruti ndani ya maziwa, kama Turkana na Naivasha, kwa kuwa maji huupeleka mshindo ardhini vizuri, na vyombo vilivyopangwa mamia ya kilomita vikaandika mitetemo. Jibu lilikuwa dhahiri. Ganda lenye unene wa kilomita 35 hivi upande wa Naivasha lilikuwa kilomita 20 tu chini ya Turkana. Tena chini ya bonde mitetemo ilikwenda polepole kuliko kando yake, dalili ya miamba yenye joto kali. Nchi ilivutwa, ikawa nyembamba.

Bahari nayo husikilizwa vivyo hivyo, merikebu zikifyatua hewa iliyoshindiliwa majini. Karibu na Sumatra hali ni kinyume cha kwetu: kipande kimoja cha ganda huzama chini ya kingine. Mshtuko wa huko, tarehe 26 Desemba 2004, uliinua mawimbi yaliyofika hata pwani ya Kenya na kuua.

Msomaji, Bullard hakuwa mjinga. Vipimo vyake vilikuwa vya kweli, ila maana aliyovipa haikusimama. Bonde lingali likipanuka, na miji imejaa ndani yake na kandokando yake. Kizazi chako ndicho kitakachoijenga zaidi. Jifunzeni basi kuisikiliza ardhi kabla ya kuweka msingi juu yake.