Kipimo cha moyo wa mtoto kilivyoanzia kwenye karakana ya meli

Oktoba 29 ni tarehe inayostahili kukumbukwa katika kila kliniki ya moyo. Siku hiyo mwaka 1953, mjini Lund, Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz walirekodi mwangwi wa mawimbi ya sauti ukirudi kutoka kwenye moyo wa binadamu unaodunda. Huo ndio mwanzo wa kipimo ambacho leo wazazi wanakijua kwa jina la eko.

Harvey Feigenbaum, daktari wa Marekani aliyeeneza kipimo hiki miaka ya 1960, ameandika historia yake. Sehemu moja ya historia hiyo ni kisa cha vifaa vya kuazima. Edler alitaka kujua ni wagonjwa gani wa vali za moyo wafanyiwe upasuaji. Hertz akakumbuka kuwa karakana ya meli ya Kockums, Malmö, ilikuwa na mashine ya kukagua nyufa ndani ya vyuma. Wakaenda. Hertz akaweka kifaa kwenye kifua chake mwenyewe, na kwenye kioo wakaona alama ikicheza kwa kufuata mapigo ya moyo. Baadaye kampuni ya Siemens ikawaazima mashine yao. Baba yake Hertz, Gustav, mshindi wa Nobel ya fizikia, aliwahi kuongoza maabara ya utafiti ya kampuni hiyo.

Likaja swali zito: mwangwi ule ulitoka sehemu gani ya moyo? Mwanzoni walidhani ni ukuta wa chumba cha juu cha kushoto. Edler akawapima wagonjwa waliokuwa karibu kufa, akaweka alama mahali na mwelekeo wa mawimbi. Walipofariki, alipitisha chuma chenye ncha kifuani kwa mwelekeo uleule, kisha akapasua kuona kimegusa nini. Kilikuwa kimegusa vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Ni kazi ya kuogofya, lakini ndiyo iliyowapa madaktari uhakika wa kile wanachokiona.

Mwaka 1971 Edler na mwenzake Nils-Rune Lundström walichapisha matokeo ya kipimo hiki kwa watoto. Hapo ndipo umuhimu wa kumpima pia mtoto mwenye afya ulipojitokeza, kwani huwezi kusema misuli ya moyo imedhoofika kama hujui yenye afya inajikaza kiasi gani. Mtoto hulazwa kwa ubavu wa kushoto, hupakwa jeli, na kifaa huelekezwa kati ya mbavu. Chumba cha chini cha kushoto kikiwa na upana wa milimita 40 kinapojaa damu, na 26 kinapojikaza, upana umepungua kwa asilimia 35. Hiyo ni hali nzuri. Na kwa kuwa moyo hukua na mwili, vipimo vya ukubwa wake husomwa sambamba na urefu na uzito wa mtoto.

Baadaye zikaja picha za pande mbili, Dopla inayoonyesha mtiririko wa damu, na programu zinazofuatilia jinsi msuli wenyewe unavyojikunja. Mwaka 2017 vituo vya Amerika Kaskazini vilitoa viwango vya vipimo vya moyo vilivyotokana na zaidi ya watoto 3,000 wenye afya.

Na kwetu? Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 102,200 walipimwa kwa eko kutafuta dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo unaotokana na mafindofindo yasiyotibiwa. Miongoni mwa waliogundulika, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa penisilini kwa miaka miwili, dhidi ya 8.2 ya wasiochomwa. Ni fahari ya Afrika Mashariki nzima.

Lakini watoto wengi mno katika kundi hilo walikuwa wazima. Kampeni kama hizo zikiendelea, wizara zetu za afya na taasisi za moyo ziandike pia nguvu ya misuli ya mioyo yao, pamoja na urefu na uzito. Huenda hesabu zetu zikalingana na za wenzetu wa Amerika Kaskazini. Hilo lithibitishwe kwa kupima, si kwa kudhani.