Ukibeba vyuma mbio zinakwisha?

Wadau, mnaotuuliza kozi ya mazoezi ya nguvu tunasoma nini, sikieni hii. Zamani makocha wengi waliamini ukibeba vyuma unakakamaa, mbio kwisha. Pale Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, mwanafunzi Boyd Epley aliumia mgongo, akawa anashinda chumba cha vyuma. Wachezaji majeruhi wa futiboli wakamwiga, wakarudi uwanjani na nguvu kuliko mwanzo. Mwaka 1969 kocha Bob Devaney akamwajiri kwa sharti moja: mchezaji yeyote akipungua mbio, huna kazi! Epley akawa anawapima, anaandika. Timu ikatwaa ubingwa wa taifa 1970 na 1971. Kwa hiyo jamani, somo letu si kutunisha misuli tu. Ni kupima, kuandika, ndipo ubishe.