Matunzo ya Wazee ni Kazi ya Vizazi Vyote

Kila Jumapili ya nne ya mwezi Julai Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iliyoanzishwa na Hayati Papa Francisko mwaka 2021. Siku hiyo iliwekwa karibu na Julai 26, kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Hata hivyo, mzee hahitaji kukumbukwa mara moja kwa mwaka tu. Katika makala hii tunaeleza maana ya kuzeeka vema, wajibu wa familia, na namna vizazi vya parokia moja vinavyoweza kubebana.

Mafundisho ya Kanisa

Amri ya nne ya Mungu haimhusu mtoto mdogo peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2218, inaikumbusha kwa watoto waliokwisha kuwa watu wazima: kwa kadiri ya uwezo wao, wawategemeze wazazi kwa mali na kwa moyo wanapozeeka, wanapougua na wanapobaki wapweke. Yoshua bin Sira (3:12-14) anakwenda mbali zaidi, kwa kumtaka mwana amvumilie baba yake hata pale akili za mzee zinapopungua. Basi heshima kwa mzazi haipimwi kwa ukubwa wa mazishi yake, bali kwa subira tuliyokuwa nayo akiwa hai.

Maandiko hayohayo yanatuonesha kwamba mzee hupokea na pia hutoa. Ruthu alikataa kumwacha Naomi mkwewe. Baadaye Naomi akawa mlezi wa Obedi, aliyekuja kuwa babu yake Daudi (Rut 4:16-17). Naye Timotheo alirithi imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake, Loisi (2Tim 1:5).

Kuzeeka vema ni nini?

Umoja wa Mataifa umetenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Kuzeeka kwa Afya. Shirika la Afya Duniani halisemi kwamba kuzeeka vema ni kutougua kabisa. Linatazama uwezo wa mtu kuendelea kufanya yale anayoyathamini. Bibi mwenye shinikizo la damu anayemeza dawa zake, anayefika kanisani na kusikilizwa nyumbani kwake, anazeeka vema. Babu asiye na maradhi, lakini anayeshinda kutwa bila kusemeshwa na mtu, yumo hatarini, kwa maana upweke wa muda mrefu huambatana na sonona, maradhi ya moyo na kupotea kwa kumbukumbu.

Matunzo nyumbani

Matunzo mema huanza na mambo madogo: chakula laini chenye protini, maji ya kutosha, dawa kwa saa zake, taa njiani kuelekea chooni ili mzee asianguke, na miwani inapohitajika. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa mara kwa mara, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, ili asipate vidonda vya kulalia. Mzee anayesahau majina, anayetangatanga usiku au anayewashuku wa nyumbani huenda ana ugonjwa wa ubongo, apelekwe hospitali. Tunalisema hili kwa uzito, kwa kuwa katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa bibi vizee wamedhaniwa wachawi na kuuawa, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Mara nyingi kazi hii yote humwangukia mtu mmoja: binti, mkamwana au mjukuu. Ndugu walio mjini hutuma fedha kwa simu, na ni jambo jema. Lakini fedha hiyo haimgeuzi mgonjwa kitandani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Familia na ikae kikao, ipange zamu, na impe mtunzaji siku za kupumzika na kusali. Kumwachisha mjukuu shule ili amtunze babu ni kumdhulumu mmoja kwa jina la mwingine.

Vizazi kukutana

Mkoa wa Kagera unatupatia fundisho. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983. Mabibi wengi waliwazika watoto wao wakabaki na wajukuu. Wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee, lililoanzishwa mwaka 2003, liliwapatia mabibi hao pensheni ndogo pamoja na posho ya wajukuu. Fundisho lake ni wazi: anayemtegemeza bibi amemlisha na mjukuu.

Parokia nazo zinaweza kutenda. Watoto wa Utoto Mtakatifu wajifunze sala na historia ya kigango kutoka kwa wazee. Vijana wa VIWAWA wawachotee maji, wawasomee Maandiko na kuwasindikiza kliniki. WAWATA na UWAKA wampokee mtunzaji zamu walau nusu siku kwa juma. Wazee wasioweza kufika kanisani wapelekewe Komunyo Takatifu, na padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, ambao si sakramenti ya wanaokata roho pekee.

Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zianze na hatua moja: kuorodhesha wazee wake wote, na pembeni ya jina la kila mzee kuandika jina la anayemtunza. Mahali ambapo jina la pili halipo, jumuiya ijue kwamba hapo ndipo inapoitwa. Na pale lilipo, watembelewe wote wawili.