Kimeng'enyaurea: kinachotoa harufu zizini

Ukipita jirani na zizi la ng'ombe Bariadi asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku, harufu inakuwasha pua na macho. Mkojo mbichi hauna ukali huo. Ndani yake mna urea, na urea haina harufu. Kinachowasha ni amonia, ambayo hutokea bakteria wa kwenye samadi na udongo wanapoivunja urea kwa protini iitwayo ureasi. Isingekuwa protini hiyo, urea iliyoyeyuka majini ingekaa miaka na miaka kabla ya kuvunjika yenyewe.

Jina ureasi limekopwa zima zima na halimwambii mfugaji kitu. Kiswahili kina kimeng'enya, kutokana na kumeng'enya, yaani kuvunja kitu kiwe vipande vidogo vidogo. Ndiko ulikotoka pia mmeng'enyo wa chakula. Ukiandika "kimeng'enya cha urea", hiyo "cha" inaleta utata: kimetengenezwa kwa urea, au kinaivunja? Tukifuata mtindo wa kipimajoto tunapata kimeng'enyaurea. Ni refu, lakini linajieleza.

Maabara ina maneno mawili yanayosumbua zaidi. La kwanza ni utakasaji. Bakteria mmoja ana protini za aina maelfu, na mtafiti anaitaka moja tu. "Usafishaji" haunitoshi, maana zile nyingine si uchafu. "Utakatishaji" nao umeshachukuliwa na kesi za fedha haramu. Basi utakasaji. Seli hupasuliwa, maji yake huzungushwa kwa kasi kwenye mashine ili mabaki yatuame, kisha huongezwa chumvi ya amonia salfeti kidogo kidogo mpaka protini inayotafutwa igande na kuzama. Hapo pana mtego. Kimeng'enyaurea mara nyingi hupimwa kwa amonia kinayoizalisha, na chumvi yenyewe ni ya amonia! Ni lazima protini ilowekwe ndani ya mfuko wa utando unaopitisha chumvi na kuizuia protini isitoke, la sivyo utasoma amonia ya kopo la dukani ukidhani ni kazi ya bakteria.

Wa kwanza kukitakasa mpaka kikawa fuwele ni James B. Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1926. Hakutumia bakteria bali maharage ya kanavalia, na aliifanya kazi hiyo kwa mkono mmoja, mwingine akiwa ameupoteza ujanani kwa ajali ya kuwinda. Wakubwa wa kemia wa Ujerumani walikataa katakata kwamba kimeng'enya ni protini; Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1946. Mwaka 1975 ikabainika kuwa ndani ya kimeng'enyaurea mna nikeli, madini yale yale ya Kabanga, Ngara.

Neno la pili ni ubainishaji wa sifa. Kikishatakaswa, kinahojiwa: kinataka joto gani, uchachu gani, urea kiasi gani ndipo kifike kasi ya juu, na nini kinakizuia. Majibu hutofautiana kati ya bakteria na bakteria. Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo, hukitumia kuzalisha amonia ya kupunguza makali ya asidi inayomzunguka, na kipimo cha pumzi kinachomfichua hutegemea kazi hiyo hiyo.

Kwa mkulima wa Simiyu, sifa ya joto ndiyo inayogusa mfuko. Mbolea ya urea ina nitrojeni asilimia 46. Ikimwagwa juu ya ardhi yenye unyevu na kuachwa hivyo, kimeng'enyaurea cha bakteria wa udongo huivunja, na sehemu ya nitrojeni hupaa kama amonia; jua likiwa kali, hupaa upesi zaidi. Kwa hiyo unapokuzia mahindi, chimba shimo la sentimita tano hivi pembeni ya mche, weka kisoda chako cha urea, kisha fukia papo hapo.