Sheria ya Mtandao na Mahakama za Arusha

Sheria ya mtandao ni jumla ya sheria, kanuni na hukumu zinazoamua mtu anawajibika vipi kwa anachokiandika, anachokisambaza na anachokihifadhi kwa simu au kompyuta. Katika habari hii Arusha ina nafasi ya pekee. Mjini hapa ipo Mahakama ya Hakimu Mkazi, ambako mkazi wa Ngarenaro au Njiro anaweza kupandishwa kizimbani kwa alichoposti. Mji huohuo ni makao ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako sheria aliyoshtakiwa kwayo inaweza yenyewe kuhojiwa. Vipimo vya mahakama hizo havijawahi kulingana.

Kipimo kizito kuliko vyote kilitoka Arusha kabla ya Facebook kuwapo. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa (AICC), iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze katika kesi iliyohusu uchochezi wa mauaji ya kimbari ya Rwanda kupitia redio RTLM na gazeti la Kangura. Hukumu ya rufaa ilitoka 28 Novemba 2007 na kupunguza vifungo vyao kuwa miaka 30, 32 na 35. Majaji wa rufaa walikuwa waangalifu sana: walitenga maneno ya chuki na uchochezi wa wazi na wa moja kwa moja wa kuua. Kwa upande wa RTLM, ni matangazo tu ya baada ya 6 Aprili 1994, mauaji yalipoanza, ndiyo waliyoyahesabu kuwa uchochezi wa aina hiyo. Anayesimamia grupu la WhatsApp lenye mamia ya watu, na hakimu anayemhukumu, wote wana la kujifunza humo. Neno linaweza kuua, na linapoua aliyelitoa anastahili jela. Lakini neno baya si lazima liwe neno la kuua.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, Na. 14 ya 2015, ilianza kutumika 1 Septemba 2015. Ina mambo mema mengi: inaadhibu wizi wa data, utapeli wa kompyuta, picha za ngono za watoto na unyanyasaji wa mtandaoni. Ugumu umo katika kifungu cha 16, kinachoadhibu kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Sheria imeweka kiwango cha chini na kumwacha hakimu na nafasi ndogo ya kuhurumia.

Arusha ilionja ukali huo mapema. Aprili 2016 mkazi mmoja alishtakiwa kwa ujumbe wa Facebook uliokataa Rais John Magufuli afananishwe na Mwalimu Nyerere, kwa maneno yaliyoonekana kuwa ya kumtukana. Juni mwaka huo alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3. Kusema kwamba kiongozi fulani hafanani na mwingine ni maoni, na maoni hayapimwi kwa ukweli na uongo. Adhabu ile haikustahili.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, tarehe 5 Desemba 2014, Mahakama ya Afrika ilikuwa imeamua shauri la mwandishi Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso. Konaté alifungwa miezi 12 kwa kumkashifu mwendesha mashtaka gazetini. Majaji walisema kumfunga mtu kwa kashfa kunavunja Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, isipokuwa katika mazingira mazito, kama uchochezi wa jinai za kimataifa au wa chuki na ghasia. Hapa mahakama mbili za mji mmoja zinakutana: ile ya Rwanda iliadhibu uchochezi, na hii ikaukataza mkono wa dola kufika mbali zaidi ya hapo kwa urahisi.

Mahakama ya Afrika Mashariki nayo iliamua 28 Machi 2019 kwamba vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shauri lilifunguliwa na Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu. Mwaka 2023 Bunge liliondoa kashfa kama kosa la jinai katika sheria hiyo, lakini mabadiliko hayo hayakukigusa kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao.

Mambo mengine ya mtandao hayapigiwi kelele, lakini yanagusa riziki ya watu wa Arusha kila siku. Safari nyingi za Serengeti na Ngorongoro huuzwa kwa baruapepe na WhatsApp, na matapeli hujipenyeza humo kwa tovuti za kampuni hewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe kuwa ushahidi, ila mahakama huuliza ulitengenezwa na kutunzwaje, na mwandishi wake alitambuliwaje. Skrinishoti peke yake huenda isitoshe. Simu yenyewe itunzwe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza 1 Mei 2023, inazibana kampuni za utalii na hoteli zinazokusanya nakala za pasipoti na taarifa za afya za wageni. Inazihesabu pia taarifa za watoto kuwa nyeti. Wageni wanaojitolea katika shule na vituo vya watoto, mjini na wilayani Meru, huposti picha za watoto hao bila kumuuliza mzazi. Wenye vituo wana wajibu wa kulizuia jambo hili.

Sheria inapomwonea mtu, hubaki swali la wapi alalamike, na Wameru wa Arusha si wageni wa kupeleka malalamiko mbali. Baada ya wao kuhamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Leo mahakama ziko mlangoni, ila mlango mmoja umefungwa: Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki bado inampokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama, naye hahitaji kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Lakini shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi 2 tangu kitendo kinacholalamikiwa kifanyike au tangu mlalamikaji akijue, na mahakama hiyo haiongezi muda.