Kutoka Uzito hadi Mfuatano: Historia ya Kugunduliwa kwa Vipande vya DNA Vinavyojipachika katika Bakteria, 1968–1986

Masimulizi mengi ya historia ya jenetiki huiweka mada hii katika mstari ulionyooka: Barbara McClintock alibaini katika mahindi, miaka ya 1940, kwamba baadhi ya vipande vya kromosomu huhama, baadaye wachunguzi wa bakteria wakamthibitisha, na mwaka 1983 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Masimulizi hayo yanavutia, lakini yanaficha jambo la msingi. Waliovigundua vipande hivyo katika bakteria hawakuwa wakivitafuta. Walikuwa wakihangaika na kero ya maabara: mabadiliko ya jeni yasiyoingia katika aina yoyote iliyojulikana.

Kero hiyo ilijitokeza katika Escherichia coli, kwenye jeni zinazomwezesha bakteria kutumia sukari ya galaktosi. Jeni hizo husomwa kwa mfululizo, na baadhi ya mabadiliko yalizima si jeni moja tu bali pia zile zilizoifuata. Kemikali zinazobadilisha besi moja, au zinazoongeza na kupunguza besi mojamoja, hazikuweza kuyarekebisha. Hivyo hayakuwa makosa ya herufi moja. Hata hivyo, mara chache bakteria walirudia hali ya kawaida wenyewe. Jambo hilo liliondoa uwezekano wa DNA kupotea, kwani kilichofutwa hakijirudishi. Ilibaki kudhani kwamba kuna kitu kimeongezwa.

Dhana hiyo ilithibitishwa kwa uzito. Elke Jordan, Heinz Saedler na Peter Starlinger huko Köln, na James Shapiro nchini Uingereza, kila upande kivyake, walitumia virusi wa bakteria aitwaye lambda, anayeweza kubeba jeni za galaktosi ndani ya ganda lake. Ganda halibadiliki; kinachobadilika ni kiasi cha DNA kilichomo. Virusi waliobeba jeni zenye hitilafu na wale waliobeba jeni za kawaida walizungushwa kwa kasi kubwa katika mmumunyo wa kloridi ya seziamu, mpaka kila kundi likatulia pale densiti yake ilipolingana na ya mmumunyo. Waliobeba hitilafu walitulia chini zaidi. Matokeo ya Köln yalichapishwa mwaka 1968, na ya Shapiro mwaka 1969. Kipande kilichojipachika, basi, kilipimwa kabla ya kuonekana. Picha za hadubini ya elektroni zilikuja mwaka 1972, zikionyesha kitanzi cha DNA ya ziada, pamoja na jambo ambalo uzito pekee usingeweza kulifichua: vipande vilevile vichache vilijirudia katika mabadiliko tofauti.

Mwaka 1974, huko London, Hedges na Jacob walionyesha kwamba ukinzani dhidi ya ampisilini unaweza kuhama kutoka plasmidi moja hadi molekuli nyingine za DNA, wakakiita kipande hicho transposoni. Swali la upachikaji likaacha kuwa la wataalamu wa galaktosi peke yao. Sasa lilihusu tiba.

Jibu la namna upachikaji unavyofanyika lilianza kupatikana mwaka 1978. Grindley, na katika utafiti mwingine Calos, Johnsrud na Miller, walisoma mfuatano wa besi pande zote mbili za kipande kiitwacho IS1. Jozi 9 zilezile zilikuwa kila upande, ilhali kabla ya upachikaji zilikuwepo mara moja tu. Maelezo yake ni kwamba nyuzi mbili za DNA hazikatwi mahali palipoelekeana, bali kwa kupishana, kama seremala anavyokata mbao anazotaka kuziunganisha kwa ncha. Kipande huungwa kwenye ncha zilizochomoza, kisha vimeng'enya vya ukarabati hujaza mapengo, na jozi zilizokuwa katikati ya mikato hutokea mara mbili. Tn3 huacha jozi 5, si 9. Idadi hiyo, kwa hiyo, ni alama ya kipande kinachoingia na si ya mahali kinapoingia.

Marudio hayo hayakueleza kama kipande huondoka kilikotoka au huacha nakala. Mwaka 1979 Shapiro alipendekeza kwamba nyuzi huunganishwa kwanza na kunakiliwa baadaye, hivyo kipande hubaki pande zote mbili. Kwa Tn10, Bender na Kleckner walionyesha mwaka 1986 kinyume chake: kipande hung'olewa na kuhama na nyuzi zake zote mbili.