Tiketi unayo, kiti hakuna: Haki za mfanyabiashara anapoachwa au kushushwa kwenye ndege

KAMPALA – Mfanyabiashara wa Bukoto mwenye ndege ya alfajiri hufunga mlango wake usiku wa manane. Akitoka Kira Road hushika Northern Bypass hadi Busega, kisha barabara ya haraka iliyofunguliwa mwaka 2018 mpaka Entebbe, mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Ana tiketi iliyolipwa, viza na fedha za mzigo. Akifika kaunta, karani anatazama kompyuta, anamwita mwenzake, halafu anasema: "Samahani, ndege imejaa."

Kwa mtu anayekwenda kutembea, huo ni usumbufu wa siku moja. Kwa mchuuzi wa Kikuubo anayefuata mali Dubai au Guangzhou, siku hiyo moja inaweza kuwa nafasi ya kontena iliyompita, hoteli aliyolipia bure, au mali ya Krismasi na Idd itakayofika dukani sikukuu zikiwa zimepita. Makala hii inaeleza kwa nini mambo haya hutokea, sheria zinasemaje, na msafiri afanye nini papo hapo.

Kwa nini tiketi huzidi viti

Kuuza tiketi nyingi kuliko viti si kosa la karani wala la kompyuta. Ni utaratibu wa makusudi ambao mashirika mengi ya ndege duniani huutumia. Mlango wa ndege ukishafungwa, kiti kitupu hakiuziki tena. Na katika kila safari wako abiria wasiotokea: mwingine ameugua, mwingine amechelewa njiani, mwingine amebadili tarehe.

Tuchukue mfano wa hesabu. Uganda Airlines ilipofufuliwa na kuanza safari Agosti 2019, miaka 18 baada ya shirika la zamani kufungwa, ilianza na ndege za CRJ900 zenye viti 76. Tunatumia ukubwa wa ndege hiyo kwa hesabu tu, si kusema kwamba shirika hilo ndilo linalofanya hivyo. Kama katika kila abiria 100 watano hawatokei, shirika likiuza tiketi 79 litarajie abiria 75. Siku nyingi hakuna atakayejua. Lakini siku wakitokea wote 79, watatu watabaki.

Hesabu hiyo ina udhaifu ambao wafanyabiashara wanapaswa kuujua. Inadhani kwamba kila abiria ana mambo yake. Wafanyabiashara hawasafiri hivyo. Maonyesho ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika Aprili na Oktoba, huwatoa watu wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kwa wakati mmoja, na karibu wote hutokea. Disemba ni vivyo hivyo kwa wanaorudi nyumbani kutoka nchi za Ghuba. Aidha, wafanyabiashara hubadili tarehe mara kwa mara kwa sababu mzigo haujakamilika, na tabia hiyo ndiyo inayoyapa mashirika sababu ya kuuza zaidi. Anayeumia ni yule aliyefika kwa tarehe yake.

Nani huachwa

Kila shirika lina utaratibu wake, lakini kwa kawaida huangalia aina ya nauli, muda abiria alipojisajili kwa safari, kama ni mwanachama wa mpango wa wasafiri wa mara kwa mara, na kama ana ndege nyingine ya kuunganisha. Watoto wasio na mzazi na watu wenye ulemavu kwa kawaida huwekwa pembeni ya hesabu hiyo. Anayebaki mara nyingi ni mtu wa tiketi ya bei ya chini aliyejisajili mwisho. Kwa bahati mbaya, sifa hizo zinamfanana sana mchuuzi wa kawaida, ambaye hutafuta nauli nafuu na hufika kaunta amechelewa kwa kupima mizigo.

Sababu nyingine hazitokani na tiketi. Ndege kubwa ikiharibika hubadilishwa na ndogo, na viti hupungua. Uzito nao una hesabu yake. Kiwanja cha Entebbe kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye hewa nyepesi ndege haiwezi kuruka na uzito uleule ambao ingeruka nao pwani. Siku nyingine viti vipo, lakini rubani hawezi kubeba watu wote pamoja na mizigo yote.

Aliyekwisha kukaa kitini

Jambo linalouma zaidi ni kuitwa jina ukiwa umeshafunga mkanda. Kisa kinachojulikana zaidi kilitokea Chicago, Marekani, tarehe 9 Aprili 2017, katika safari namba 3411 ya United Express kwenda Louisville. Abiria walikuwa wameshakaa ndipo shirika likahitaji viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wake waliotakiwa Louisville. Liliahidi vocha hadi ya dola 800, hakuna aliyekubali. Wakachaguliwa wanne. Mmoja wao, daktari David Dao, alikataa kwa kuwa alikuwa na wagonjwa wa kuwaona kesho yake. Maofisa wa usalama wa kiwanja walimng'oa kitini na kumburuta, akaumia usoni na kupoteza meno mawili. Abiria wenzake walipiga picha kwa simu, na dunia nzima ikaziona.

Kabla ya mwisho wa mwezi huo shirika lilimalizana naye kwa malipo ambayo kiasi chake hakikutangazwa, na likasema kuanzia hapo litaweza kutoa hadi dola 10,000 kwa anayekubali kuachia kiti. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokataza kumshusha abiria kwa sababu ndege imejaa ikiwa ameshakubaliwa kupanda, isipokuwa kwa sababu za usalama, afya au mwenendo mbaya.

Msomaji asichukue kisa hicho kama mfano wa kuiga. Chini ya Mkataba wa Tokyo wa 1963, nahodha wa ndege ana madaraka ya kumshusha mtu anayehatarisha usalama au kuvuruga utaratibu. Abiria anayeanza kupiga kelele huigeuza kesi: alikuwa mdai, sasa anakuwa mtuhumiwa. Ukiamriwa kushuka, sema mbele ya watu kwamba hukubali na unashuka kwa amri, uliza sababu na jina la anayekuamuru, kisha shuka. Madai yako hayapotei kwa kushuka. Yanaweza kupotea kwa kugombana.

Sheria gani inakulinda

Jibu linategemea unatoka wapi, unakwenda wapi, na ndege ni ya nani.

Ulaya. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Februari 2005, ndiyo inayotaja haki za aliyeachwa kwa uwazi zaidi. Inahusu ndege yoyote inayoondoka katika nchi za Umoja huo, na pia ndege za mashirika ya Umoja huo zinazokwenda huko kutoka nje. Hivyo anayetoka Entebbe kwenda Amsterdam au Brussels kwa shirika la Ulaya analindwa. Shirika lazima kwanza liombe wa kujitolea. Likikosa na kumwacha abiria kwa nguvu, kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 fidia ni Euro 600, ingawa inaweza kupunguzwa kwa nusu akifikishwa kwa ndege nyingine bila kuchelewa zaidi ya saa nne. Juu ya hapo anachagua kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine, na hupewa chakula, mawasiliano, na hoteli ikiwa atalala. Uingereza baada ya kujitoa katika Umoja huo ilibaki na kanuni kama hiyo kwa fedha yake, ambapo kiwango cha juu ni pauni 520.

Hukumu moja inawahusu sana wanaorudi Afrika. Abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca kwa shirika la Morocco alinyimwa nafasi Casablanca, kiti chake kikiwa kimepewa mtu mwingine. Shirika lilidai kwamba sheria ya Ulaya haifiki Morocco. Tarehe 31 Mei 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba safari iliyokatwa kwa tiketi moja ni safari moja, hata ikibadilisha ndege nje ya Ulaya. Hoja hiyohiyo inaweza kumsaidia anayerudi Entebbe kutoka Ulaya kwa tiketi moja na kukwama anapobadilisha ndege Addis Ababa, Nairobi au Doha.

Marekani. Huko sheria ina historia ndefu. Mwaka 1972 mtetezi wa walaji Ralph Nader aliachwa na ndege ya Allegheny Airlines, akashtaki, na mwaka 1976 Mahakama Kuu kabisa ikakubali kwamba kesi yake inaweza kusikilizwa. Mwaka 1978 ikaja kanuni ya kuomba kwanza wa kujitolea. Tangu Januari 2025 fidia ya anayeachwa kwa nguvu inaweza kufika dola 2,150, kutegemea nauli na muda wa kuchelewa. Kanuni hii inahusu ndege zinazoondoka Marekani.

Dubai, Guangzhou, Nairobi na kwingineko. Hapa hakuna kiasi kilichoandikwa mapema ambacho msafiri atakidai popote aendapo. Kinachotumika zaidi ni Mkataba wa Montreal wa 1999. Kenya na Tanzania zimo tangu ulipoanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003, na Uganda ilijiunga baadaye. Mkataba huo unamwajibisha msafirishaji kwa hasara inayotokana na kuchelewa. Tangu 28 Disemba 2024 kikomo kwa abiria mmoja ni vizio 6,303 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani zaidi ya dola 8,000. Kikomo si malipo ya moja kwa moja: unalipwa hasara unayoweza kuithibitisha kwa risiti, na shirika likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote za busara linaweza kujitetea. Kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka miwili.

Mahakama za nchi mbalimbali zimetofautiana kuhusu kuachwa. Ukipelekwa kwa ndege ya baadaye, ni rahisi kuonekana kwamba ulicheleweshwa na Mkataba ukatumika. Ukikataliwa kabisa, yapo maamuzi yanayosema huo ni uvunjaji wa mkataba wa kawaida chini ya sheria ya nchi. Kwa hiyo katika barua yako dai yote mawili.

Mahali pa kulalamika papo pia. Uganda kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, na Kenya kuna KCAA. Tanzania, mbali na TCAA, kuna baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga. Kwa nchi za COMESA, Tume ya Ushindani iliyoko Lilongwe ilianza kazi mwaka 2013, na kanuni zake zinagusa ulinzi wa walaji katika biashara inayovuka mipaka. Kwa madai yanayohusu Nairobi, mahakama ya madai madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za huko, na mdai hahitaji wakili.

Yasiyohesabika

Si kila anayebaki Entebbe ameachwa kwa sababu ndege imejaa. Aliyechelewa kaunta kufungwa, aliyekosa viza au cheti cha homa ya manjano, na aliyezuiwa na maofisa wa uhamiaji hawana fidia chini ya kanuni hizi. Ndiyo maana ni lazima sababu iandikwe. Karani akisema "umechelewa" wakati ulifika mapema, risiti ya teksi au picha uliyopiga kaunta yenye saa itakusaidia.

La kufanya papo hapo

1. Usiondoke kaunta bila karatasi inayosema kwamba ulifika, saa ngapi, na kwa nini hukupanda.

2. Tunza tiketi, kadi ya kupandia ndege na vipande vya mizigo. Kama mizigo yako imeshapakiwa, uliza itakuwa wapi.

3. Usikubali vocha haraka. Anayejitolea hupata kile alichokubaliana tu. Uliza kwanza: fedha taslimu au vocha? Inaisha lini? Ndege nyingine ni saa ngapi, na kiti kimethibitishwa au ni cha kusubiri?

4. Usitie saini karatasi inayosema umelipwa kikamilifu kabla ya kuisoma yote.

5. Mjulishe papo hapo wakala wa mizigo na muuzaji kwa maandishi. Ujumbe huo ndio utakaoonyesha hasara yako baadaye.

Kabla ya safari

Kinga ni nafuu kuliko madai. Jisajili kwa intaneti mara dirisha linapofunguliwa, na uchague kiti. Hakikisha wakala wako ameandika namba yako ya simu kwenye tiketi, si yake. Wengi hukosa taarifa ya kubadilishwa kwa ndege kwa sababu ujumbe ulifika kwa wakala aliyekuwa amelala. Kama una ndege ya kuunganisha, kata safari yote kwa tiketi moja. Ukikata mbili ili kuokoa dola chache, shirika la pili halikudai salamu wala halitakungoja.

Mwisho, usipange kufika China siku ileile unayotakiwa sokoni. Wafanyabiashara wazoefu huacha siku moja katikati. Siku hiyo ina gharama ya chumba na chakula, lakini ni ndogo kuliko gharama ya kontena lililoondoka bila mzigo wako.